Msanii Hajulikani

Kifaa chenyewe hakijazi kiganja.
Mugoya alikileta ndani ya soksi,
akakichomeka nyuma ya televisheni,
akaunga waya wa ruta, akaunga diski,
akachuchumaa. "Dada Candiru, sasa tungoje vitafutane."
Nikauliza nani anamtafuta nani.
"Vifaa," akasema. "Vinapigiana hodi."

Taa nyekundu. Nyekundu.
Kisha kijani ikaanza kukonyeza,
na kwenye simu yangu ikajipanga orodha:
Sebule. Jiko. Chumba cha Mama.
Nyumba ya Walukuba, ya dari fupi, ya wafuma nguo,
imepewa anwani tatu, kila moja na tarakimu zake,
sisi ambao barua zetu zote zilipitia kiwandani.

Kaseti nilizihamisha kwa miezi miwili.
Kaseti haiharakishwi: saa yake ni saa.
Zilizoota ukungu nilizipangusa,
zilizokatika nikaziunga kwa selotepu
na mkasi wa nyusi, nimebana pumzi.
Baba hakuandika majina ya nyimbo.
Aliandika Zamu ya Usiku. Aliandika Zamu ya Asubuhi.
Kwenye moja, kwa kalamu nyekundu: USIFUTE.

Basi mashine, iliyozoea kujua kila kitu,
ilipozisoma ikaduwaa.
Mia nne na kumi na mbili, na zote imeziita hivyo hivyo:
Albamu haijulikani. Msanii hajulikani.

Mugoya akabonyeza mmoja tu, kupima spika.
Adungu ya harusi fulani ya Arua,
vigelegele, mbwa, sahani zinagongana,
halafu, karibu mno na maiki:
"Nyamazeni nyie, narekodi!"

Hajulikani kwa nani, huyo?
Mwaka wa kumi na moja huu amelala Maracha
na bado anatunyamazisha.

Sebuleni alisema.
Jikoni akasema tena, amechelewa nusu pumzi,
kama mtu aliyenyanyuka kitini
akaenda kufunua sufuria
aone kinachopikwa.

Mugoya akakunja uso.
"Hiyo ni kasoro. Ukuta wa jikoni mnene,
mawimbi yanafika yamechoka.
Nipe dakika tano nizilinganishe."

Mama alikuwa ameshafika mlangoni,
mwiko mkononi, unga hadi kwenye kiwiko.
Mama ambaye simu huigusa kuipokea tu,
na hata hapo huishika kama kaa la moto.
"Acha," akasema.
"Ndivyo alivyokuwa.
Neno alilianzia sebuleni
akalimalizia jikoni kwangu."

Mugoya akanitazama. Nikatazama nyaya.

Kisha Yaka ikaisha, katikati ya ubeti.
Kijani ikafa, ruta ikafa, harusi ikafa.
Bwawa liko hapo tu, ng'ambo ya mji,
linazungusha mitambo usiku na mchana,
na sisi jirani zake tunakaa na kibiriti.
Mugoya akaomba radhi gizani
kana kwamba yeye ndiye aliyezima.
"Wewe kula kwanza," Mama akamwambia.
"Huyo atarudi. Candiru, nenda kanunue za elfu tano."

Sasa kila usiku naandika majina, kwa kidole kimoja,
kwenye zile nafasi tupu.
Msanii: Andama, na watu wa harusi.
Msanii: Andama, akikohoa.
Msanii: mvua juu ya mabati, Andama anapiga mluzi.
Nimemaliza kumi na tisa.

Kwenye wa ishirini kuna mwanamke anacheka,
si shangazi yeyote ninayemkumbuka,
anacheka muda mrefu, na Baba hamnyamazishi.
Niliucheza chumbani kwa Mama nikamuuliza ni nani.
Akausikiliza hadi mwisho.
Akageukia ukutani, akavuta shuka.

"Huyo," akasema, "mwache hivyo hivyo.
Hajulikani."